Gari Lenu la Kasi na Binti Yangu

Gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 14, saa tisa alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Nati,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi, wewe na shemeji yangu na wale mapacha. Hamjambo nyote? Kifua chako kimepoa? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa unakohoa kila baada ya neno la tatu, na tangu siku hiyo Mama ananiuliza habari za kifua hicho kana kwamba ni mimi niliyekupa. Vaa sweta, bwana. Usijifanye umezaliwa huko.

Sisi huku tu wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi tu. Ukishapata joto anakwenda nao hadi sokoni na kurudi na habari za watu wote. Shemeji yako hajambo, ameshona mapazia mapya ya sebuleni na amenipiga marufuku kuyagusa kwa mikono hii yenye grisi. Mimi mgongo, lakini mgongo wa fundi magari si habari ya kuandikia barua.

Najua unasubiri jibu. Ni wiki tatu tangu uniandikie kuomba neno langu, ili binti yangu aje huko kujifunza kazi kwenye karakana yenu, katika kikosi kinachoandaa lile toleo la kasi la gari lenu la umeme. Ulisema nafasi ni moja na jina lake lifike kabla mwezi huu haujaisha. Neno hilo limenikaa kooni. Nitalisema humu humu, lakini kwanza nitoe la rohoni, maana nikilificha barua yote itakuwa ya uongo. Nina wivu, Nati. Nimetafuta jina zuri zaidi la kuuita, sikulipata.

Nianze na wewe mwenyewe. Tulianza kazi pamoja chini ya bati hili hili, na sanduku moja la spana, la marehemu Baba. Mimi nilikuwa naweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, naitaja pistoni inayoumwa kabla mteja hajashuka garini. Wewe kila ukimaliza kufunga injini, nati moja ilibaki mezani, unaizungusha vidoleni na kujiuliza imetoka wapi. Jina hilo hukupewa bure. Leo wewe ndiye unayefunga magurudumu ya gari ambalo watu wanalisubiri kila pembe, unalijaribu breki, unaliona uchi kabla halijavalishwa rangi. Mimi natoa oili chafu kwenye lori la mkaa. Siku uliyotupa habari hizo nilishangilia mbele za watu, nikampigia simu kila ninayemjua. Halafu nikaenda nikajifungia chooni, nikakaa kidogo.

Wa pili ni Fundi Shoti, yule fundi wa umeme wa magari aliye ng'ambo ya barabara. Unamkumbuka alivyokuwa anakuja kuazima jeki, suruali imetoboka magotini? Sasa magari ya umeme yamefika matano hapa mtaani, na yote yanaegeshwa kwake. Tena amenunua shati jeupe la kazini. Fundi, shati jeupe! Mwaka mzima nalichunguza kila asubuhi, halina doa hata moja. Sijui kama hiyo ni kazi au ni harusi.

Huyo Shoti ndiye aliyeniona siku yangu mbaya, na nitakusimulia mimi mwenyewe kabla hujaisikia imetiwa chumvi.

Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani amenunua gari dogo la umeme, la kampuni yenu hiyo hiyo. Mwezi uliopita aliniletea nimbadilishie tairi tu. Nikalisogeza taratibu uani kulipeleka kwenye jeki, nikasikia mlio. Vuuu, mwembamba, unatoka mbele. Nikaongeza mwendo kidogo, ukapanda. Nikasimama, ukanyamaza. Sasa niambie wewe, fundi yeyote mwenye masikio angesema nini? Nikamwambia mwalimu kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia, "Beringi ya mbele hiyo, imekwisha. Bahati yako umekuja kwangu."

Binti yangu, aliyekuwa ananishikia spana, akaniambia, "Baba, huo mlio…" Nikanyoosha mkono kumnyamazisha. "Subiri kwanza, nasikiliza."

Nikafungua gurudumu la kushoto, nikabadilisha beringi. Mlio ule ule. Nikafungua la kulia, nikabadilisha na yake. Mlio ule ule, tena naona kama ulikuwa unanicheka. Mwalimu alikaa kwenye benchi langu akasahihisha madaftari ya darasa zima, akamaliza, akaanza kusahihisha la pili. Jasho linanitoka. Hapo ndipo Shoti alipovuka barabara na shati lake. Hata kulala chini hakulala. Alichuchumaa, akaingiza kidole nyuma ya bampa, akasema kwa upole ule unaoudhi, "Kaka, hii ni spika. Gari la umeme halina sauti, kwa hiyo wamelitilia mlio wa kuwashtua waenda kwa miguu. Likienda polepole linalia, likikimbia linanyamaza. Umeibadilishia spika beringi mbili."

Nati, mwalimu mkuu alicheka mpaka kalamu nyekundu ikamtoka mkononi. Dereva wa teksi anayeshinda hapa gereji alilala kwenye benchi kwa kicheko. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Daktari wa Spika, na muuza chai akinipa kikombe ananiuliza kama nimesikia beringi yoyote humo ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na jeki yangu.

Jioni tulipokuwa tunafunga nilimuuliza binti yangu, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara mbili, Baba. Ulininyooshea mkono."

"Na wewe nani kakufundisha hayo?"

Akafuta spana moja, akafuta ya pili, ndipo akasema, "Baba mdogo. Kwenye simu."

Ndipo nilipojua kwamba mnazungumza. Si salamu za sikukuu, mnazungumza kazi. Binti ambaye nimemfundisha kushika spana kabla hajajua kusuka nywele zake, anapanga maswali yake ya maana na kukupelekea wewe, na kwangu anabaki na "Baba, chai iko tayari." Usiku ule niliinuka mezani kabla sijamaliza kula. Shemeji yako alidhani ni mgongo.

Wiki haikupita barua yako ikafika. Nikamsomea Mama akiwa anachambua mchele, nikitegemea atakuwa upande wangu. Nikamwambia, huyu kijana ananinyang'anya mtoto. Hakuinua hata macho. Akasema, "Kwani yule si baba yake pia?" Akaendelea kutafuta mawe.

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Nikaikunja barua yako nikaitia kwenye kopo la skrubu, nikajiambia nitajibu kesho. Kesho hiyo imekula siku ishirini na moja.

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa bado. Ile picha ikafika. Unajua ni picha gani, ile ya mtu aliyejificha kando ya barabara akalinasa gari lenu likikata kona, limebandikwa vibandiko vyeusi na vyeupe mwili mzima lisijulikane sura. Dereva wa teksi aliileta kwenye simu yake asubuhi, na kufika saa nne benchi langu la wateja lilikuwa bunge. Hakuna aliyeleta gari. Wote wameleta maoni.

Dereva wa teksi anasema likiondoka, shati linabaki nyuma. Anaapa lina mota nne, kila gurudumu na yake. Shoti anasema betri haiwezi kubeba mota nne bila kuchemka, na kwamba toleo la kasi litakimbia vizuri nusu saa halafu litaomba kulala. Muuza chai alitaka kujua buti lake linaingiza chupa ngapi za chai. Tena wamesikia uvumi kwamba litakuwa na spika ndani, dereva akikanyaga linanguruma kama injini kubwa ya petroli. Hilo lilinichoma. Injini ya kuigiza! Kama mnataka sauti, si mngeniita mimi niwaletee injini yenyewe? Lakini sikuweza kusema, kwa sababu mtu akitaja spika siku hizi, watu wote wananigeukia.

Halafu wakauliza lile nililolijua litakuja. "Ndugu yako yuko huko huko. Kasemaje?"

Nikadanganya. Nilisema umeniambia yote, ila umenikataza kusema. Walipozidi kunibana, kichwa kikanivimba, nikatoa hukumu: "Mota tatu. Moja mbele, mbili nyuma. Yaishe." Dereva wa teksi akaanza kuandika kwenye simu yake ili akawatambie wenzake kituoni. Nilijisikia mtu, Nati, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya beringi.

Sauti ikatoka chini ya gari, "Ni mbili, Baba."

Binti yangu alikuwa amelala chini ya teksi ile ile, anakaza ekzosi. Akatoka, akajifuta mikono, akaomba simu. Akaikuza picha mpaka likabaki gurudumu tupu. Akasema, "Tazameni tairi. Ya mbele na ya nyuma upana wake ni sawasawa. Wangeweka mota mbili nyuma, tairi za nyuma zingekuwa pana zaidi, zisizunguke bure. Hawakuongeza mota. Oneni hapa, diski ya breki ni kama sinia. Gari limekuwa zito. Shida yao si kukimbia, shida yao ni kusimama." Akamrudishia dereva simu yake, akarudi chini ya teksi.

Shoti, yule yule wa shati jeupe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu umemfundisha wewe?" Nami badala ya kufurahi, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri umemwambia. Mimi kaka yako wa tumbo moja unaniambia "siwezi, nimetia saini kutotoa siri," na yeye unamfungulia siri yote ya kiwandani. Niliikalia hasira hiyo siku tano. Nikawa namtuma vifaa bila kumwambia tafadhali. Siku moja nilimrudisha afungue tena klachi aliyokuwa ameifunga vizuri kabisa, kwa sababu tu niliona ameifunga haraka kuliko mimi. Alifungua, akafunga tena. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nimekwisha kusema kwamba barua hii haitakuwa ya uongo.

Alhamisi uvumilivu ukanishinda. Nikamuuliza pale pale kwenye meza ya kazi, "Baba yako mdogo amekwambia nini kuhusu lile gari?" Alinitazama sana. Halafu akafungua simu yake, akanipa, akasema, "Soma mwenyewe," akaenda kununua grisi ambayo tunayo debe zima.

Nimesoma yote. Unisamehe, na yeye ameniruhusu. Hukumwambia kitu. Kila alipouliza, umejibu vile vile ulivyonijibu mimi: "Siwezi kusema, mwanangu. Wewe niambie unaona nini." Na yeye anakuambia anachoona, na wewe unauliza swali jingine, na jingine, jioni baada ya jioni. Nilikuwa natafuta siri ya kiwanda ili nipate haki ya kukasirika. Nikakuta subira ambayo sikuwahi kukuonyesha wewe ulipokuwa unajifunza. Wewe nilikupigia kelele. Na yeye nanyoosha mkono.

Lile "mwanangu" nalo liliniuma, sikufichi. Nililihesabu, nikaacha nilipofika kumi na moja.

Halafu nikafika mahali alipokuandikia juzi juzi. Umekwisha kulisoma, lakini mimi ndiyo nalisoma mara ya kwanza, na nimesimama, na mikono ina oili. Kaandika: "Baba hajajibu. Asipokubali siji, na wewe usimlaumu. Masikio yake ni mazuri, ila magari ndiyo yameacha kusema." Nikakaa kwenye tairi. Muuza chai alipita akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni moshi umeniingia machoni. Hapakuwa na gari lililowashwa.

Aliporudi na grisi yake nilimrudishia simu. Nikamuuliza alijuaje habari ya tairi na breki kama hakuna aliyemwambia. Alishangaa kweli kweli. Akasema, "Si wewe? Gari likija unaanza na tairi, ndipo unamsikiliza mwenyewe. Umeniambia tangu niko mdogo." Nimelisema hilo maelfu ya mara, Nati, nikidhani nalisema hewani.

Basi neno langu ni ndiyo. Aje. Fomu tumejaza jana mezani kwa Mama, nami nimeweka saini yangu mahali pa mzazi, ingawa yeye alisema ana miaka ishirini na mbili na mahali hapo si lazima. Nikamwambia kwangu ni lazima. Nimekwenda pia kwenye benchi nikasema ukweli, kwamba ndugu yangu hajawahi kuniambia lolote kuhusu hilo gari. Dereva wa teksi akajibu, "Tulijua. Ungekuwa unajua, ungeweza wewe kunyamaza?" Kwa hiyo hata uongo wangu haukuwa na thamani.

Usidhani wivu umekwisha. Ninao hivi ninavyoandika. Nakuonea wewe, namwonea Shoti na shati lake, nalionea hata gari lenyewe, maana litamwona binti yangu kila asubuhi na mimi nitabaki na sauti ya simu. Lakini nimeona kwamba nikimzuia, atakaa hapa akinifutia spana, na kila gari la umeme litakalopita nje tutaangalia pembeni sisi wote wawili. Hilo siliwezi.

Sasa nisikilize mambo ya kumtunza. Hali kitu asubuhi mpaka afanye kazi kwa saa moja, usimlazimishe. Akiwa anafikiri hupiga mluzi, wenzako wasidhani anadharau. Ana haraka kwenye usukani, kwa hiyo hilo gari asiliendeshe mpaka breki mmezimaliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema shida yenu iko wapi. Na akikuambia umekosea, usinyooshe mkono. Mimi nimejua hilo nikiwa nimechelewa, wewe huna kisingizio.

Shemeji yako anakusalimu na anamfungashia mwanae sweta nne. Mama anakusalimu, anasema unywe kitu cha moto na usioge na maji baridi. Hata Shoti ameniomba nikusalimu, nami nimekufikishia, zaidi ya hapo asitegemee. Wabusu mapacha mashavuni, uwaambie dada yao yuko njiani. Shemeji yangu mwambie nimemkabidhi jicho langu moja, na jingine ninalo huku namtazama. Mungu akuponye kifua, aibariki mikono yako, na akijalie kila unachokifunga kibaki kimefungwa.

La mwisho, na hili si la mzaha. Najua mtu huko akiuliza huyu ni nani wako, utasema ni mwanangu, nawe hutakuwa umekosea. Mama ameshatoa hukumu, sikati rufaa. Lakini huko kila mtu ana haraka. Siku moja atakuwa upande wa pili wa karakana, mashine zinapiga kelele, atakuita na atafupisha. Akifupisha usiitike. Geuza uso, jifanye husikii, msubiri aseme lote: baba mdogo. "Baba" tupu ameiacha huku.

Wako akupendaye na kukuonea wivu kwa kipimo kimoja,

Kaka yako.